Moteli ya Jangwani na Mtoto Yatima Aliyeichora



Kila mtu aliyesafiri anajua jambo hili: usiku ukiingia njiani, msafiri hatafuti tena mambo makubwa. Anatafuta mlango tu. Kamyo ikiharibika katikati ya Kolwezi na Likasi, hata tajiri mwenye franga mingi atauliza sawa vile maskini: «Hapa kuna mahali pa kulala?» Katika Injili ya Luka, sura ya 2, tunaona kwamba hata Maria na Yosefu walipita katika shida hiyo kule Betlehemu. Nafasi haikupatikana, na mtoto akalazwa mahali pa kulishia nyama za kufugwa.

Mwezi huu tunapenda kuwasimulia habari ya nyumba moja ya wageni yenye ilikuwa mbali sana na kwetu, katika mji wa Las Vegas, kule Marekani. Tunajua wengine watashangaa. Las Vegas ni mji wenye jina baya kwa watu wa kanisa, mji wa kamari na wa starehe za usiku. Basi, juu ya nini mchungaji aandike habari za moteli ya Las Vegas katika gazeti la familia? Ni juu ya mtu aliyeichora ile nyumba. Alikuwa mtu mweusi, alikuwa yatima, na alichora mlango wa hoteli katika mji wenye, kwa miaka mingi, ulikuwa unawafungia watu weusi milango ya hoteli. Historia yake inatufundisha mambo mawili, na yote mawili ni ya faida kwa sisi tunaoishi katika miji ya migodi.

MOTELI NI NINI?

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Moteli ni neno lililounganishwa kwa maneno mawili: mota na hoteli. Ni nyumba ya wageni kwa watu wanaosafiri na motokari zao. Ya kwanza kuitwa kwa jina hilo ilijengwa mwaka 1925 katika mji wa San Luis Obispo, jimbo la California, na arshitekte Arthur Heineman. (Arshitekte ni yule mtu anayechora plani ya nyumba mbele ya waashi kuanza kazi.)

Katika hoteli za zamani, mgeni alishuka kwenye treni, akabebewa mizigo, akapanda ngazi. Katika moteli, mgeni anasimamisha motokari karibu na mlango wa chumba chake, anatoa mizigo yake mwenyewe, analala, asubuhi anaendelea na safari. Kiisha vita ya 1940-1945, familia nyingi za Marekani zikapata motokari, Leta ikajenga barabara ndefu, na moteli zikaota kando ya barabara sawa uyoga wakati wa mvua. Kila mwenye moteli alitafuta namna ya kumvuta dereva aliyechoka: kibao kikubwa chenye taa za neoni za rangi, ama nyumba yenye sura ya ajabu, ili dereva aione toka mbali na kukanyaga frein.

MJI KATIKATI YA JANGWA

Las Vegas ni neno la Kispanyola, maana yake ni mabonde ya majani. Katikati ya jangwa kavu la Nevada kulikuwa chemchemi za maji, na majani yaliota pale. Wahindi wa kabila la Paiute waliishi hapo tangu zamani. Mwaka 1855 Wamormoni walijenga boma dogo, halafu wakaliacha. Mji wenyewe ulianza tarehe 15 mwezi wa 5 mwaka 1905, siku kompani ya reli ilipouza viwanja kwa mnada, kwa sababu treni ilihitaji maji njiani. Mvua ya kule ni kama milimetre 100 tu kwa mwaka. Hapa kwetu Lubumbashi tunapata zaidi ya mara 10 ya hiyo. Wakati wa joto kali, hewa ya kule inapita digrii 40.

Mahali kama hapo, nani angependa kuishi? Lakini mwaka 1931 mambo mawili yalibadilisha mji. La kwanza, jimbo la Nevada liliruhusu mchezo wa kamari kwa sheria. La pili, kazi ya kujenga ukuta mkubwa wa Hoover ilianza juu ya mto Colorado, si mbali na mji. Kazi hiyo iliisha mwaka 1936, na ikaleta maji, umeme na maelfu ya watumikaji. Lakini watu weusi waliopata kazi pale walikuwa wachache sana, tena hawakuruhusiwa kuishi katika Boulder City, mji uliojengwa kwa ajili ya watumikaji. Kila siku walitoka Las Vegas na kurudi.

Wakati wa vita, kompani ya Basic Magnesium ilijenga kiwanda kikubwa upande wa kusini wa Las Vegas, mahali panapoitwa leo Henderson. Magnesium ni madini mepesi, ilitumiwa katika ndege na katika mabomu ya moto. Watu weusi wengi wakatoka katika majimbo ya kusini ya Marekani, kama Louisiana na Arkansas, wakaacha mashamba ya pamba na kuja kutafuta mshahara. Wazee wetu waliotoka Kasai, Rwanda na kando ya ziwa Tanganyika kuja kutumika katika mashaba wanaelewa safari ya namna hiyo. Na sawa vile kwetu, kulikuwa makambi ya aina mbili: kambi ya watumikaji wazungu mbali, kambi ya watumikaji weusi mbali. Ile ya weusi iliitwa Carver Park, kwa heshima ya George Washington Carver, mtu mweusi mwenye elimu kubwa ya mimea. Plani ya kambi hiyo ilichorwa mwaka 1943 na arshitekte mweusi wa Los Angeles, jina lake Paul Revere Williams. Shikeni jina hilo, tutarudi kwake.

Kuna kamba ingine inayounganisha jangwa lile na udongo wetu. Tangu mwezi wa 1 mwaka 1951, Marekani ilianza kulipusha mabomu ya atomiki kwa majaribio katika jangwa la Nevada, karibu kilomita 100 toka Las Vegas. Mpaka mwaka 1962, mengi yalilipuka juu ya ardhi. Moshi wake wenye sura ya uyoga ulionekana mjini, na wenye hoteli walifanya hata biashara nayo: wageni waliamka asubuhi kuangalia moshi kama mtu anavyoangalia sinema. Na ninyi watu wa Katanga mnajua vizuri madini ya kazi ile yalianzia wapi. Uranium ya mabomu ya kwanza, yale ya 1945, kwa sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, na Marekani iliendelea kununua uranium ya Congo katika miaka ya 1950. Jasho la babu zetu lilifika mbali kuliko wao wenyewe.

KUIMBA NDIYO, KULALA HAPANA

Kiisha vita, hoteli kubwa zenye kasino zikasimama moja kisha ingine kando ya barabara ya kusini, yenye watu wanaita Strip. Ili kuvuta wageni, wenye hoteli walilipa waimbaji wakubwa. Kati yao kulikuwa weusi wenye majina makubwa duniani: Nat King Cole, Lena Horne, Sammy Davis Junior. Watu walijaa kuwasikiliza, wakapiga makofi. Wimbo ukiisha, walitolewa kwa mlango wa nyuma. Kula katika sale ya wageni, hapana. Kulala katika vyumba vya hoteli, kwa wengi wao hapana.

Walilala wapi? Walivuka reli kwenda Westside, kartié ya weusi, mahali barabara nyingi zilikaa miaka mingi bila lami. Kule hakukuwa hoteli za kifalme. Kulikuwa wamama waliofungua nyumba zao. Mmoja wao ni Genevieve Harrison. Nyumba yake kwenye barabara ya F ilipokea wageni weusi katika miaka ya 1940 na 1950: waimbaji, na hata watu waliokuja Nevada kwa ajili ya mambo ya tribinali. Ilikuwa nyumba ya kawaida, lakini kitanda kilikuwa safi na mlango ulikuwa wazi. Wamama wetu, msidharau kazi ya namna hii. Barua kwa Waebrania, sura ya 13, inakumbusha kwamba kuna watu waliopokea wageni wasijue kwamba ni wajumbe wa Mungu.

Shida hiyo haikuwa ya Las Vegas peke yake. Mwaka 1936, Victor Green, mtu mweusi wa New York aliyekuwa mpeleka barua wa posta, alianza kuchapisha kitabu kidogo kwa ajili ya wasafiri weusi, na kitabu hicho kiliendelea kutoka mpaka katikati ya miaka ya 1960. Ndani yake alipanga, mji kwa mji, hoteli, mahali pa kula na nyumba za watu ambapo mweusi angeweza kupokelewa bila matusi. Familia ikianza safari ndefu, ilibeba kitabu hicho pamoja na chakula na maji.

Wazee wetu hawatashangaa wakisoma haya. Katika Elisabethville ya zamani, kati ya mji wa wazungu na site ya weusi kulikuwa eneo tupu lililoachwa makusudi. Usiku saa ya kukatazwa kutembea ikifika, mweusi hakuruhusiwa kuonekana mjini bila karatasi ya bwana wake. Mchana alipika, alifua, alijenga. Usiku alirudishwa ng'ambo.

MLANGO ULIANZA KUFUNGUKA NAMNA GANI?

Tarehe 24 mwezi wa 5 mwaka 1955, hoteli moja ilifunguliwa Las Vegas kwa jina la Moulin Rouge. Ilikuwa ya kwanza mjini, kati ya hoteli zenye kasino, kupokea weusi na wazungu pamoja: kula pamoja, kulala chini ya paa moja. Watu walijaa, lakini madeni yalikuwa mengi, na kiisha miezi karibu 6 ikafungwa. Wengi walifikiri kwamba jambo limekufa.

Halikufa. Mwaka 1960 kulikuwa daktari wa meno, James McMillan, mtu mweusi aliyekuwa prezida wa chama cha NAACP pale mjini, chama cha kutetea haki za weusi. Aliandika barua kwa meya wa mji: kama hoteli haziache ubaguzi mbele ya tarehe 26 mwezi wa 3, watu weusi watatembea kwa wingi katika barabara ya Strip, mbele ya wageni na wapiga picha wa magazeti. Alipata vitisho. Lakini wenye hoteli walifanya hesabu. Waliogopa picha hizo zitafukuza wateja. Siku ile ile ya tarehe 26, gavana wa Nevada Grant Sawyer, wakubwa wa mji na wajumbe wa watu weusi walikutana ndani ya Moulin Rouge yenyewe, wakapatana. Toka siku hiyo, hoteli za Strip zikakubali kupokea wageni weusi. Maandamano hayakufanyika, kwa sababu hayakuhitajiwa tena.

Tuangalie vizuri: mlango haukufunguliwa na huruma ya mwenye nyumba. Ulifunguliwa na watu waliosimama pamoja, waliosema wazi, na waliochagua njia bila damu.

MTOTO YATIMA WA LOS ANGELES

Sasa turudi kwa yule arshitekte. Paul Revere Williams alizaliwa Los Angeles tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 1894. Wazazi wake walitoka Memphis, mji wa kusini, kutafuta hewa nzuri kwa afya. Lakini kifua kikuu kiliwashinda. Baba alikufa mtoto akiwa na miaka 2, mama akiwa na miaka 4. Yeye na ndugu yake walitenganishwa, kila mmoja akalelewa na familia ingine. Mama mlezi wa Paul alimtunza sawa mtoto wa tumbo lake, na alimsukuma kusoma. Kanisa lake lilikuwa First A.M.E., la Wamethodisti weusi, na katika kanisa hilo alioa mke wake Della mwaka 1917.

Alipokuwa kijana shuleni, alisema kwamba anataka kuwa arshitekte. Mwalimu mmoja alimkatisha tamaa: weusi hawana franga ya kukulipa, alimwambia, na wazungu hawatakupa kazi. Kijana alifikiri sana. Akaona kwamba kama akiacha sababu ya rangi yake, atakuwa ameshindwa kiisha yeye mwenyewe kukubali kushindwa. Akaendelea. Alishinda mashindano ya kuchora, akasoma injeneri katika universite ya Southern California, na mwaka 1923 akawa mweusi wa kwanza kuingia katika chama kikubwa cha maarshitekte wa Marekani.

Kuna jambo moja la kazi yake lenye vijana wanapaswa kulijua. Williams aliona kwamba wateja wengine wazungu hawapendi kukaa ubavu kwa ubavu na mweusi. Basi alijifunza kuchora juu chini. Mteja anakaa upande ule wa meza, Williams anakaa upande huu, anachora nyumba akiitazama kichwa chini, na mteja anaiona ikisimama wima mbele ya macho yake. Wengi walioingia na mashaka walitoka wameacha kazi mikononi mwake. Ni ufundi wa ajabu, na ni uchungu pia. Mtu asiye na kipingamizi cha namna hiyo hahitaji kujifunza kuchora kichwa chini.

Alichora zaidi ya majengo 2,000: manyumba ya waigizaji wa sinema kama Frank Sinatra na Lucille Ball, mahoteli, maofisi, mashule na makanisa. Lakini mwaka 1937 aliandika wazi katika gazeti moja kubwa habari hii: alikuwa anachora nyumba za kifahari katika kartié zenye yeye na mke wake hawataruhusiwa kuishi hata siku moja. Kiisha kuchora, alirudi jioni katika nyumba yake ndogo, mahali weusi waliruhusiwa. Hakusahau watu wake. Kule Las Vegas, kiisha Carver Park, alichora Berkley Square, kartié ya nyumba 148 katika Westside, iliyojengwa mwaka 1954 na 1955, ili familia za weusi wapate kununua nyumba nzuri zao wenyewe.

NYUMBA YENYE SURA YA KONOKONO

Mwaka 1961, kiisha mapatano ya Moulin Rouge, moteli mpya ilifunguliwa kwenye Strip, karibu na hoteli ya Riviera. Wenye mali walikuwa familia ya Doumani. Jina lake La Concha, neno la Kispanyola, maana yake ni ganda la konokono wa bahari. Arshitekte alikuwa Paul Williams. Alikuwa na miaka 67.

Vyumba vya kulala vilikuwa vya kawaida, vimejipanga nyuma kama katika moteli zingine. Ajabu ilikuwa mbele, katika nyumba ya kupokelea wageni. Williams hakuweka kuta na paa kama tunavyozoea. Alichora matao matatu ya betoni nyembamba, yanayopanda toka chini, yanapinda juu, na kushuka tena mpaka udongo. Paa na ukuta vimekuwa kitu kimoja. Nafasi za wazi kati ya matao zilifungwa kwa vioo vikubwa, na usiku mwangaza wa ndani ulitoka nje hata barabarani. Dereva aliyetoka California, aliyechoka na saa nyingi za mchanga na mawe, aliona mbele yake kitu sawa ganda la konokono lililoachwa na bahari katikati ya jangwa.

Vijana mnaosoma ujenzi mtauliza: betoni nyembamba hivyo inasimama namna gani bila nguzo katikati? Chukueni yai. Ganda lake ni jembamba, lakini ukilibana kwa ncha zake mbili kwa kiganja, halivunjiki upesi. Nguvu yake haitoki katika unene, inatoka katika umbo. Uzito unafuata mpindo na kushuka mpaka chini. Ndivyo matao yale yalivyofanya kazi, pamoja na vyuma vilivyofichwa ndani ya betoni.

Miaka miwili kiisha hapo, mwaka 1963, Williams alimaliza katika mji ule ule kanisa kubwa la Wakatoliki, Guardian Angel, karibu na mahoteli, ili hata wageni na watumikaji wa kasino wapate mahali pa kuomba. Na kule Memphis, mji wa wazazi wake, alitoa bure plani ya ospitali ya watoto ya Saint Jude, iliyofunguliwa mwaka 1962. Mtoto yatima aliwachorea watoto wagonjwa nyumba ya kuponea.

SHERIA NA MOTELI YA ATLANTA

Mapatano ya Las Vegas yalikuwa ya mji mmoja. Katika nchi nzima, sheria ilikuja tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 1964, ikikataza hoteli, moteli na mahali pa kula kumfukuza mtu juu ya rangi yake. Mwenye moteli moja ya Atlanta, yenye vyumba 216, alikataa. Moteli ni yangu, alisema, nitachagua mimi nani atalala. Kesi ikapanda mpaka Tribinali Kuu ya Marekani. Mwezi wa 12 mwaka ule ule, waamuzi wote kwa sauti moja walimshinda: mwenye kufungua mlango kwa wasafiri wa nchi nzima, afungue kwa wote.

Ndiyo maana tunasema kwamba historia ya moteli si jambo dogo. Haki za watu hazikupiganiwa katika mabunge peke yake. Zilipiganiwa pia kwenye kaunta ya moteli, mahali baba amesimama usiku, watoto wamelala ndani ya motokari, na anangoja kusikia ndiyo ama hapana.

ILIKATWA VIPANDE, IKAUNGANISHWA TENA

Las Vegas ni mji usiohurumia manyumba ya zamani. Hoteli kubwa inajengwa, kiisha miaka michache inalipushwa kwa baruti ili ingine ijengwe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, La Concha nayo ilifungwa, kwa sababu kiwanja chake kilikuwa na bei kubwa kuliko nyumba. Vyumba vilibomolewa. Lakini watu waliopenda historia ya mji walilia juu ya lile ganda la mbele, na familia yenye mali ilikubali kulitoa kwa Neon Museum, nyumba ya kuchunga vibao vya taa vya zamani.

Namna gani kuhamisha paa la betoni? Zima halingeweza kupita chini ya madaraja ya barabara. Basi mwaka 2006 mafundi walilikata katika vipande 8, wakapakia juu ya makamyo, wakalipeleka kaskazini katika barabara ile ile ya Las Vegas Boulevard, wakaliunganisha tena. Mwaka 2012 museum ilifungua milango yake kwa watu wote, na ganda la La Concha likawa mlango wa kuingilia. Hoteli jirani, Riviera, kubwa na tajiri kuliko La Concha, ilifungwa mwaka 2015 na kubomolewa. Williams mwenyewe hakuona hayo, kwa maana alikufa mwaka 1980. Mwaka 2017 chama cha maarshitekte kilimpa medali yake ya dhahabu, mweusi wa kwanza kuipata, miaka 37 kiisha kifo chake.

TUNAJIFUNZA NINI?

Tulisema mambo mawili. La kwanza ni ufundi. Kitabu cha Mithali, sura ya 22, kinafundisha kwamba mtu hodari katika kazi yake atafika mbele ya wakubwa. Vijana wengi wa miji yetu wanafikiri kwamba utajiri ni kuchimba leo na kuuza leo. Shimo linakwisha. Kompani inafunga. Bei ya shaba inaanguka, wazee waliona mambo hayo katika miaka ya 1990. Lakini ufundi wenye umeingia katika mikono na akili, hakuna mtu atakuondolea. Mtoto yatima alijifunza hata kuchora kichwa chini. Wewe unashindwa na nini?

La pili ni haki, na hapa tusidanganyane. Ufundi wa Williams ulijenga nyumba nzuri, lakini ufundi peke yake haukufungua mlango. Alikuwa amechora miaka mingi, anajulikana, anasifiwa, na bado kulikuwa mahali angekatazwa kulala. Mlango ulifunguliwa na watu kama McMillan, waliosema pamoja kwamba yatosha. Mchungaji anayefundisha vijana paka kufanya kazi kwa bidii, bila kuwafundisha kusimama kwa ajili ya haki, anawapa mguu mmoja. Na anayefundisha kudai haki bila kujifunza kazi, anawapa mguu mwingine peke yake. Mtu anatembea kwa miguu miwili.

Tena tujiulize sisi wenyewe. Ubaguzi hauna rangi moja tu. Katika miji yetu ya migodi, mwaka 1992 na 1993, majirani walifukuzwa katika nyumba zao sababu ya jimbo walikotoka, na wengi walilala siku nyingi katika magare wakingoja treni. Wengine waliofukuza walikuwa watu wa kanisa. Wakristo wengine walificha majirani wao ndani ya nyumba zao, na Mungu anawajua. Mgeni akibisha leo, anasema kwa lafuzi ingine, anatoka kabila ingine, utamwambia nini? Yule aliyekosa nafasi Betlehemu anaangalia mlango wako.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI NA KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Someni Luka 2:1-7 na Waebrania 13:1-3. Katika nyumba yetu, ni nani mwenye hawezi kupata nafasi? Juu ya nini?

2. Williams alijifunza kuchora juu chini kwa ajili ya wateja waliomdharau. Alifanya vizuri? Wewe ungefanya nini?

3. Ni ufundi gani kila kijana wa familia yetu anaweza kuanza kujifunza mwaka huu?

4. Waulizeni wazee: zamani, katika mji wetu, ni milango gani ilikuwa imefungwa kwao, na ni nani aliyeifungua?